Mama Joel Si Mfanyakazi Wetu

Katika chumba chake cha uani, Area D, Restuta Matonya alikuwa watu wawili, na kompyuta yake ilijua hivyo kabla ya binadamu yeyote wa Dodoma.

Watu wa kompyuta wana mambo. Wale wanaoandika programu hawaaminiani hata kidogo, ndiyo maana wakajitengenezea kitu kinaitwa Git, ambacho kazi yake kubwa ni kukumbuka. Ukibadilisha mstari mmoja tu wa programu, Git inaandika: fulani, mwenye baruapepe fulani, siku fulani, amebadilisha hiki. Haisahau, na haioni haya kukutaja mbele za watu. Halafu jina lenyewe inaloandika si lazima liwe la kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Ni lile ulilolitaja mwenyewe siku ya kuiweka kwenye mashine. Ukiiambia wewe ni Mfalme wa Zabibu, itakuandika Mfalme wa Zabibu mpaka kiama, wala haitakuuliza taji liko wapi.

Restuta aliiambia hivi: kila kilichomo ndani ya folda iitwayo Kazi kiandikwe jina la Restuta Matonya, na baruapepe ya ofisi. Kila kilicho nje ya folda hiyo kiandikwe Mama Joel. Mpango wa namna hii si wa ajabu. Vijana wengi wenye kazi ya mshahara mchana na kazi ya moyo jioni huupanga hivyo, ili mwajiri asije akadai kisicho chake. Ila wao hubadilisha baruapepe tu na jina wakaliacha lile lile. Restuta alibadilisha na jina, na sababu yake ilikuwa huko kwao Gulwe.

Gulwe ni kijiji cha wilaya ya Mpwapwa, kando ya reli ya kati. Huko ndiko Joel alikozaliwa, mama yake akiwa amemaliza stashahada ya kompyuta na anasubiri ajira ambayo haikuwa na haraka naye. Mnajua inavyokuwa. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Kuanzia siku ile Restuta alikuwa Mama Joel kwa mwenye duka, Mama Joel kwa wanakwaya, Mama Joel kwa Mazengo mumewe, hata kwa mama yake mzazi ambaye ndiye aliyemchagulia hilo jina la Restuta. Mwenyewe alilipenda mno. Alikuwa akiitwa kwa mbali anachelewa kugeuka makusudi, ili aitwe mara ya pili.

Joel alikufa kwa homa, kabla hajafikisha umri wa kuanza shule. Asubuhi alikuwa anakimbizana na kuku, kesho yake asubuhi wanaume walikuwa wanachimba.

Watu wa Gulwe si wabaya, na hapo ndipo penye ugumu. Baada ya msiba walianza kumwonea huruma, na huruma ikawaziba midomo. Jirani anaanza, "Mama Jo..." halafu anameza. Mchungaji akamtaja kanisani kuwa ni binti yetu Restuta. Mwenye duka akawa anasema tu "karibu". Mazengo akaenda Geita machimboni, akaonekana mara mbili, halafu ikasikika kwamba ana nyumba nyingine huko. Mama yake akawa anamwita "mwanangu". Haukupita mwaka, hapakuwa na mtu hata mmoja duniani anayemwita Mama Joel. Walidhani wanamfunika kidonda. Mimi nasema walimzika yule mtoto mara ya pili, na safari hii hata matanga hayakukaliwa.

Basi alipopata kazi Dodoma akaenda, na ofisini hakusema kitu. Angeanzaje? Unakaa kwenye usaili, unaulizwa uzoefu wako, unataja lugha za kompyuta unazozijua. Hakuna anayeuliza kama uliwahi kuwa mama. Wakamwita Restuta, Eliakimu aliyekaa meza ya jirani akamwita Resti, na msichana mdogo Sabrina, wa kutoka Kondoa, akamwita dada Restuta. Aliitikia yote.

Jioni alirudi chumbani, akasonga ugali wa uwele wa mtu mmoja na kupika mlenda wa mtu mmoja, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa mlenda haujui kupikwa kidogo. Akishakula hufungua kompyuta. Nje ya folda ya Kazi kulikuwa na kamusi ya Kigogo ya kwenye simu, iliyokuwa ikitengenezwa bure na watu ambao hawajawahi kuonana: nesi mmoja mzaliwa wa Mvumi anayeishi Norwe, mwanafunzi mmoja, na mzee wa Brazili asiyejua Kigogo hata cha kuombea maji ila anapenda lugha za watu. Restuta aliwarekebishia programu yao. Wao walimjua kwa jina ambalo Git iliwapa. "Mbukwenyi, Mama Joel," nesi alisalimia kwa Kigogo kila anapoanza. "Kazi nzuri, Mama Joel." Restuta alikuwa akiyasoma maneno hayo kwa sauti, peke yake, kisha anautazama mlango kana kwamba mtu amepita.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na angeishi hivyo mpaka uzeeni kama kioo cha kompyuta ya ofisi kisingekufa.

Kilikufa Januari, wakati mbaya kuliko yote. Ofisi yao, kampuni ndogo iliyopanga ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa inamalizia programu ya mizani kwa ajili ya chama cha wakulima wa zabibu. Msimu wa kuvuna ulikuwa unagonga mlango, na programu ilikuwa na kasoro ya aibu: ilikuwa inaondoa uzito wa kreti tupu mara mbili, ikawa mkulima anapunjwa zabibu zake na mashine isiyo na macho ya kutazamwa. Batholomeo, mkuu wao, akamwambia Restuta atumie kompyuta yake mwenyewe mpaka ile ya ofisi itengenezwe. Siku hiyo mtandao ulikuwa unakatika katika. Restuta akaipakua kazi haraka haraka, akaitua pale pale mbele kwenye deskitopu, akaanza. Kuiweka ndani ya folda ya Kazi alikusudia, akasahau. Alifanya kazi wiki nzima akaimaliza ile kasoro, akaituma. Kila mstari uliandikwa jina la Mama Joel, naye hakuona, maana nani hukaa akasoma jina lake mwenyewe?

Aliyesoma ni mkaguzi wa chama. Kabla ya kupokea programu alitaka majina ya wote walioigusa, pamoja na mikataba yao. Batholomeo akaiuliza Git, Git ikataja, na Jumatano asubuhi majina yakawa ukutani kwa projekta, herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili.

"Mimi nipo," Batholomeo akasema, akionyesha kwa kalamu. "Eliakimu yupo. Sabrina, Restuta. Sasa huyu wa mwisho. Mama Joel ni nani?"

Eliakimu, ambaye hawezi kuuacha ukimya ukapita bila kuutania, akasema, "Bosi, mimi namshuku yule mama wa chapati pale chini. Kuna siku alikuwa ananichungulia kioo changu, nikadhani anataka hela yake."

Wakacheka. Sabrina akacheka, akajifuta macho, akasema, "Lakini anajua kazi jamani. Ile mizani si yeye ndiye aliyetuokoa?"

"Kujua si hoja," Batholomeo akasema. Yeye hakucheka. Ni mtu wa kuhakiki, hata soda huisoma tarehe kabla ya kunywa. "Mama Joel si mfanyakazi wetu. Hana mkataba, hana kitambulisho. Kama kuna mtu amempa ndugu yake kazi ya ofisi, aje aniambie taratibu, yataisha. Asipokuja, kesho mchana nafuta kila alichoandika huyo mama, tunaanza upya."

Restuta alikuwa anatazama ukuta. Tangu aondoke Gulwe hakuwahi kulisikia lile jina likitoka kwenye mdomo wa mtu anayemwona kwa macho, na sasa lilikuwa limetamkwa mara mbili kabla ya chai, likachekwa, likavikwa aproni ya chapati. Alitaka kusimama aseme, na alitaka vile vile sakafu ifunguke aangukie duka la saruji. Hakufanya hata kimoja.

Jioni ile alitembea kwenda nyumbani badala ya kupanda bajaji, akiruka madimbwi, akiwaza. Njia ya kimya ilikuwepo. Git, pamoja na ubishi wake wote, ina mlango wa nyuma: anayejua anaweza kuiandika upya historia yote, jina moja likang'oka na jingine likakaa mahali pake. Lakini ukifanya hivyo, kila kilichofuata nacho hubadilika, na wote wanalazimika kupakua upya. Batholomeo alishasema wazi kwamba atakayefanya mchezo huo atafute kazi kwingine. Na hata kama asingesema, Restuta alijijua. Kidole kisingebonyeza.

Asubuhi akagonga mlango wa Batholomeo.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Yule Mama Joel ni mimi."

Akamweleza habari ya folda na kioo kilichokufa. Batholomeo alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Jambo lenyewe likawa rahisi kuliko alivyohofia. Kuna faili dogo watu wa Git huliweka kando ya kazi, ndani yake unaandika mstari mmoja kwamba jina hili na jina lile ni mtu mmoja. Historia haiguswi. Restuta akauandika mstari ule pale pale, Batholomeo amesimama nyuma yake anahakiki herufi. Mkaguzi aliridhika kabla ya chakula cha mchana. Kioo kipya kilipofika, Restuta alirudia kompyuta ya ofisi, na kwenye yake akaifuta kazi yote, kama Batholomeo alivyotaka.

Na Batholomeo, ambaye hakuwahi kumuuliza Restuta chochote zaidi ya kazi, akatoka naye hadi ukumbini akatangaza kwa furaha, "Jamani, Mama Joel tumempata! Kumbe tunaye humu humu!"

"Resti! Una mtoto umetuficha?" Eliakimu akaruka. "Na mimi nimekuita mama wa chapati! Nisamehe, Mama Joel. Kijana yuko darasa la ngapi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Nyote mnaona, hata yeye aliona. Lakini Sabrina alikuwa ameshamshika mkono anautikisa, "Mama Joel! Ndiyo maana una huruma hivi," na jina lilikuwa bado la moto kwenye midomo yao, na Restuta alikuwa na njaa nalo ya miaka. Akasema, "Yuko Gulwe, kwa bibi yake." Na ni kweli alikuwa huko, nyuma ya nyumba ya bibi yake, kwenye kaburi lililozungushiwa mawe.

Msimhukumu haraka. Alijiambia ni kwa siku chache tu.

Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa msimu mzima wa zabibu. Asubuhi akipanda ngazi anasikia, "Mama Joel, umeamkaje?" Saa nne, "Mama Joel, chai inapoa." Sabrina alikuwa akikwama anaita kutoka mwisho wa chumba, "Mama Joel, njoo unifungulie hapa," naye anakwenda, bega limenyooka. Alianza kuimba jikoni kwake. Alianza kununua machungwa mawili badala ya moja, bila kujua la pili ni la nani. Lakini kulikuwa na salamu ile nyingine, na ile ilikuwa inamla. "Joel hajambo?" Anajibu, "Hajambo." Akishajibu anaona haya, si kwa Eliakimu, ila kwa Joel mwenyewe, kwamba mama yake amemfanya mtoto wa uongo. Akienda nyumbani anaapa kwamba kesho atasema. Kesho ikifika anaitwa Mama Joel mlangoni, kiapo kinayeyuka.

Machi, kampuni ikaandaa bonanza la familia. Kila mfanyakazi alete wake, kuwe na mpira, nyama choma, na fulana zenye nembo kwa watoto. Fulana zilisimamiwa na Anitha, mke wa Batholomeo, ambaye ofisi nzima humwita Mama Angelina kwa jina la binti yao. Alhamisi moja, Sabrina akiwa ameshaondoka kwenda kwao Kondoa kwa sikukuu ya Idi, Mama Angelina akapanda ngazi na simu mkononi, anapita meza hadi meza akiuliza saizi.

"Mama Joel, wifi yangu. Kijana anavaa saizi gani?"

Restuta akafungua mdomo. Saizi ya miaka minne aliijua. Aliijua suruali ilipoishia kwenye kifundo cha mguu, aliijua shingo ya shati ilivyokuwa inapita kwa taabu kwenye kile kichwa kikubwa cha ukoo wa Mazengo. Sasa Joel angekuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa kutoka kwa baba mrefu na mama mfupi anafika wapi? Begani? Kwapani? Alijaribu kumwona, akashindwa.

"Sijui," akasema.

"Hujui!" Mama Angelina akacheka. "Mama gani wewe hujui saizi ya mwanao?"

"Joel alifariki, Mama Angelina."

Mashine ya kuchapa ya Eliakimu ndiyo pekee iliyoendelea kutema karatasi.

"Alifariki lini? Jamani! Lini?"

"Zamani. Alikuwa na miaka minne. Mliponiuliza nilishindwa kusema. Nisameheni."

Mama Angelina akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kiganja mdomoni. Batholomeo akatoka ofisini kwake, akasikia, akasimama bila kujua mikono aiweke wapi. Wakampa pole, wote, na pole zilikuwa za kweli. Hakuna aliyemlaumu. Restuta alilia kidogo, akanywa maji, akaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Njiani alijisikia mwepesi, akafikiri labda lililokuwa gumu limekwisha.

Wakapumzika kwa Idi, wakarudi Jumatatu. Akapanda ngazi.

"Habari za asubuhi, dada Restuta," Eliakimu akasema kwa sauti ya hospitalini. Hajawahi kumwita dada maishani mwake. Alikuwa anamwita Resti, kisha Mama Joel, sasa dada Restuta, tena bila utani. Mhasibu akampisha mlangoni. Chai ikaletwa mezani kwake badala ya kuitiwa. Restuta akaitambua hali ile mara moja, kama mtu anavyoitambua njia ya nyumbani kwao. Gulwe nzima ilikuwa imepanda ngazi ikaingia humo ofisini.

Batholomeo akamwita. "Dada Restuta, kaa. Nina jambo nimekufanyia." Alikuwa na aibu kidogo, na fahari kidogo. "Jumamosi mimi si mtu wa Idi, nikaja hapa. Lile jina nimekusafishia. Nimeandika upya historia yote, kila mahali sasa umekaa wewe, Restuta Matonya. Kompyuta zote za humu nimezipakulia upya, ya Eliakimu, ya kwako, na nakala ya akiba nimeifuta nikaweka mpya. Na ule mstari wa lile faili nimeutoa. Mke wangu alilia usiku kucha, akasema haiwezekani mtu aamke kila siku akutane na jina hilo. Hutaliona tena."

Yule mtu aliyeapa kumfukuza yeyote atakayegusa historia alikuwa amekaa Jumamosi nzima akiigusa, kwa huruma. Restuta akasema, "Asante, bosi." Ndivyo tulivyolelewa, ukitendewa wema unashukuru.

Akarudi mezani. Akafungua kazi ya mizani, akaandika kwenye nafasi ya kutafuta: Joel. Kompyuta ikafikiri, ikajibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Akaandika tena. Ikajibu vile vile.

Chai ilipoa ikaota utando. Eliakimu alimtupia jicho mara kwa mara, akaogopa kumsemesha. Kisha Restuta akasimama, akaenda mlangoni kwa Batholomeo, na safari hii hakubisha hodi.

"Bosi, lirudishe."

"Nini?"

"Jina. Lirudishe."

"Dada Restuta, mimi nilitaka nikuondolee maumivu."

"Maumivu yangu ninayo na nimeyazoea, sikumwomba mtu anibebee. Kijijini walinyamaza kwa kunihurumia. Sasa nanyi mmenyamaza, na juu ya hapo mmefuta. Kuna watu huko mtandaoni wananiita Mama Joel, hawajui hata sura yangu. Nyie mliniita mkiniangalia. Yule mtoto hakufika shule, bosi. Hakuandikwa kwenye daftari la mwalimu yeyote, hana cheti, hana picha ya kitambulisho. Nilizaa. Nilikuwa mama yake, na bado ndimi mama yake. Niiteni."

Batholomeo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Nimefuta kabisa," akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka akiba. Si unanijua nilivyo."

"Sabrina," mtu akasema nyuma yao. Ni Eliakimu, amesimama mlangoni. "Samahani, nimesikia. Sabrina aliondoka Jumatano na kompyuta yake. Yuko Kondoa. Kama hajapakua kitu, anayo historia yote ya zamani."

Ndivyo Git ilivyo, na hapa naivulia kofia. Haina sanduku moja la kuwekea kumbukumbu ambalo mtu akilichoma yamekwisha. Kila anayefanya kazi hubeba kwenye mashine yake historia nzima, tangu mstari wa kwanza, hata kama anaibeba kwenye mfuko wa plastiki ndani ya basi la Kondoa.

Batholomeo akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Iliita sana. Ilipopokelewa zikaingia kwanza kelele za watoto na masufuria.

"Bosi, shikamoo! Mimi niko likizo mpaka Jumatano."

"Marahaba, Sabrina. Samahani sana. Kompyuta yako umeifungua tangu ufike?"

"Hata begi sijalifungua."

"Nisikilize. Usipakue chochote. Nataka utume kilichomo humo kama kilivyo, ukilazimishe, kifunike kilichopo huku."

"Nikilazimishe?" Sabrina akasita. "Bosi, si wewe uliyesema atakayelazimisha atafute kazi kwingine?"

"Nilisema. Leo ni mimi niliyekosea."

"Na kazi yoyote ya Alhamisi itapotea, huku haipo."

"Ni yangu, nitaiandika upya, tuma tu!" Eliakimu akapaza sauti.

"Kuna nini lakini? Mama Joel yupo? Joel hajambo?"

Restuta akasogea kwenye simu.

"Sabrina mdogo wangu, Joel alishafariki. Ni miaka sasa. Nilikuficha, nitakusimulia ukirudi."

Kule Kondoa kelele za watoto ziliendelea. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Sabrina akasema taratibu. Kisha, "Pole, Mama Joel. Pole sana. Ngoja nitoke nje nitafute mtandao."

Restuta akashika ukingo wa meza.

Walisubiri. Mtandao wa Kondoa una tabia zake, na siku hiyo ulikuwa na wageni wengi wa Idi wa kuwahudumia. Mhasibu akaja kusimama nao, bila kuelewa, kisha akaeleweshwa kwa kunong'onezwa. Hatimaye simu ikalia mara moja, ujumbe: imefika. Batholomeo akavuta kiti mbele ya kioo. Hawezi kuamini kitu mpaka akihakiki, hivyo akaanza tangu Januari, akisoma kwa sauti jina moja moja, kidole juu ya mstari.

"Eliakimu. Sabrina. Sabrina. Eliakimu." Akateremsha kidole. "Mama Joel."

"Abee," Restuta akaitikia.

Hakuwa ameitwa, na alijua. Lilimtoka tu, kama linavyomtoka mwanamke yeyote anaposikia jina lake. Batholomeo akageuka kumtazama, kisha akarudi kwenye kioo, na akaendelea polepole kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mama Joel. Kurekebisha uzito wa kreti."

"Abee."

"Mama Joel."

"Abee."

Aliisoma wiki ile yote ya mizani, na kila alipolifikia jina, mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti chake aliitikia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Kisha wiki ile ikaisha. Batholomeo akateremsha kidole kwenye mstari unaofuata, akasoma, "Restuta Matonya."

Hakuna aliyeitikia.